Bando Lipo, Mwalimu Yuko Wapi?

Tangu Chuo Kikuu Huria cha Kenya kipewe hati Agosti 2023 na kuweka makao yake Konza, ubishi juu ya digrii za mtandaoni umegawanyika pande mbili ambazo sasa zinajuana hoja kwa hoja. Wapo wanaofurahi kwamba hatimaye nafasi za chuo kikuu zitafika Turkana na Tana River bila kujengwa bweni hata moja. Wapo wanaosema hiyo ni digrii ya simu, na mwajiri mwenye akili zake ataiweka chini kabisa ya rundo la maombi. Tanzania nako, kadiri vyuo vya umma na vya binafsi vinavyotangaza programu zinazosomwa mtandaoni, maneno ni yaleyale, ila yanasemwa kwa upole zaidi. Kinachonishangaza ni kwamba mahasimu hawa wanakubaliana katika jambo moja, nalo ndilo wanalokosea wote: wanadhani swali kuu ni mtandao wenyewe. Minara inatosha? Bando ni shilingi ngapi? Mwanafunzi ana kompyuta au ana simu tu?

Hayo ni maswali halali na nitayarudia. Lakini ninavyoona mimi, masomo ya mtandaoni katika vyuo vyetu yanakwama mahali pengine. Mwanafunzi akishapata bando, akaingia kwenye mfumo, akapakua mada na kutuma kazi yake, hajibiwi. Tulihamishia mhadhara kwenye skrini tukadhani tumehamisha ufundishaji, kumbe tumeacha nyuma nusu yake iliyo ngumu: mtu kusoma alichoandika mwanafunzi, kumwonyesha alipopotea, na kumrudishia kabla hajasahau alikuwa anafikiri nini. Nusu hiyo ndiyo inayogharimu fedha, na ndiyo inayokatwa kwanza pale chuo kinapoanza kuhesabu unafuu wa kufundisha kwa mtandao. Tukiendelea kubishania minara tutapata minara, na wanafunzi wataendelea kuacha masomo kimyakimya.

Elimu ya masafa si mgeni wa juzi. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kiligeukia kufundisha kwa posta mwaka 1946. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza shahada ya ualimu kwa masafa mwaka 1986. Tanzania ilitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1994, wakati ambao mtu wa Songea hata simu ya mezani alikuwa anaitafuta. Chuo kile kilijengwa juu ya vitabu vya masomo, vituo vya mikoa na vikao vya ana kwa ana, na watu walihitimu: walimu, wanasheria, maofisa wa halmashauri, watu wasioweza kuacha kazi na familia kwa miaka mitatu. Anayesema kikwazo cha elimu ya masafa ni intaneti lazima atueleze mfumo usiokuwa na intaneti kabisa uliwatoaje wahitimu hao. Sisemi safari yao ilikuwa nyepesi. Wengi walichukua miaka mingi kuliko waliyokusudia, na manung'uniko ya mtu aliyetuma kazi na kukaa miezi bila kusikia neno ni ya zamani kuliko simu janja. Hapo hasa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Uingereza ilianzisha Open University mwaka 1969, na mwaka 1971 ikapokea wanafunzi wake wa kwanza, zaidi ya 20,000 kwa mpigo. Anayeikumbuka historia ile hukumbuka vipindi vya BBC: profesa mwenye ndevu mbele ya ubao, saa ambazo watu wengine wamelala. Ile televisheni ndiyo iliyowavutia wageni, na serikali nyingi za Afrika na Asia zilizotuma ujumbe kwenda kujifunza zilirudi zikizungumzia teknolojia. Ila kilichokibeba chuo kile hakikuwa televisheni. Kila mwanafunzi aliwekwa chini ya mkufunzi wa muda mwenye kikundi kidogo, takriban watu ishirini hivi, na mkufunzi huyo alizisoma kazi zao zilizokuja kwa posta, akaandika maoni pembeni, akazirudisha. Kazi iliyosahihishwa ndiyo iliyokuwa darasa. Vipindi vya televisheni vilikuja kupungua na mwisho vikaachwa, chuo kikaendelea, wakufunzi hawakuachwa.

Michael Moore, mtaalamu aliyefanya kazi ya elimu ya watu wazima huku kwetu Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 kabla ya kuhamia Marekani, alilipa jambo hili nadharia yake baadaye. Alisema umbali unaomuumiza mwanafunzi haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa kiasi cha mazungumzo yaliyopo kati yake na mwalimu, na kwa namna kozi ilivyopangwa. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi wenye watu mia sita, somo la lazima, maiki inakwaruza, naye yuko mbali na mwalimu kuliko yule wa Songea aliyekuwa akirudishiwa karatasi yake yenye wino mwekundu. Wengi wetu tuliosoma kwenye kumbi hizo tulikuwa wanafunzi wa masafa bila kujijua. Tofauti ni kwamba tulikuwa na vimbweta, yaani meza na viti vya nje ambako wanafunzi hukaa kujisomea. Ukitoka ukumbini hukuelewa, unakaa kimbwetani na wenzako watano, mmoja wenu ameelewa, anawaeleza wengine kwa Kiswahili, na jioni mnagawana madesa, yaani notsi za kunakiliana. Chuo kilikuwa kinaokolewa na wanafunzi wake, na hakikuwahi kuandika hilo kwenye ripoti yoyote.

Wazo la kupeleka mhadhara mbali bila kupeleka mwalimu nalo limeshajaribiwa. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, mihadhara ikawa inarushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo hadi kumbi za vyuo vya Afrika, Kenyatta kikiwemo. Kwa wakati wake ilikuwa teknolojia ya kifahari. Mapinduzi yaliyotarajiwa hayakuja, na taasisi yenyewe ikahamia Nairobi na kubadili namna yake ya kufanya kazi. Miaka kumi na tano baadaye zikaja kozi za wazi za mtandaoni kutoka vyuo vikubwa vya Marekani, na mwaka 2012 magazeti ya huko yaliandika kana kwamba majengo ya vyuo yangegeuzwa maghala. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wa MIT walichapisha katika jarida la Science hesabu za kozi za MIT na Harvard: zaidi ya nusu ya waliojisajili hawakuwahi hata kufungua somo, na waliomaliza katika mwaka wa 2017 na 2018 walikuwa takriban asilimia 3. Ni kweli wengi walijisajili kwa udadisi tu, hawakulipa kitu, na si haki kuwalinganisha na mwanafunzi wa digrii. Hata hivyo, hao walikuwa na mihadhara bora kuliko ambayo chuo chochote chetu kinaweza kurekodi, na mtandao wenye kasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza mbona wiki hii hukutuma.

Ndipo ukaja mwaka 2020. Nchi zetu hazikupita njia moja, na tofauti hiyo bado inaonekana katika namna watu wanavyoongea. Kenya ilifunga vyuo Machi, na vingi vikajaribu kuendelea mtandaoni. Hata maputo ya Loon yaliyokuwa yakisambaza intaneti kutoka angani yalianza kazi Julai mwaka ule, na Januari 2021 Alphabet, kampuni mama ya Loon na Google, ikatangaza kuyafunga. Uganda ilifunga na kufungua kwa awamu hadi Novemba 2021, muda mrefu kiasi kwamba mwanafunzi wa Makerere aliyeanza mwaka wa kwanza kabla ya korona alimaliza akiwa mtu mwingine. Tanzania ilifunga vyuo Machi 18 na kuvifungua Juni 1, na vyuo vingi vilingoja tu. Kwa hiyo mhadhiri wa Kenya au Uganda anapotaja masomo ya mtandaoni, mara nyingi anakumbuka kero. Mwenzake wa Tanzania anakumbuka semina aliyohudhuria. Machi ile ile ya 2020 Charles Hodges na wenzake huko Marekani walionya kwamba kozi iliyohamishwa kwa wiki moja kwa sababu ya ugonjwa isije ikatumiwa kuhukumu kozi iliyopangwa kwa ajili ya mtandao tangu mwanzo. Onyo lao lilikuwa sahihi, na halikusikilizwa na upande wowote. Wapinzani walichukua kero za korona wakaziita ushahidi. Watetezi nao walichukua mazoea ya korona, yaani mhadhara wa Zoom wa saa mbili, wakayaita mfumo.

Ukitaka kuona mazoea hayo yalivyo, ingia katika kipindi cha jioni cha uzamili, saa moja na nusu, watu wametoka kazini. Majina yaliyoandikwa kwenye visanduku vyeusi ni Galaxy A14, Mama Junior, na mmoja ameweka namba yake ya usajili tu. Mhadhiri anaanza kwa "Mnanisikia?" Kimya. "Jamani, mnanisikia?" Mmoja anaandika ndiyo. Dakika ya kumi mtu amesahau kuzima maiki, tunasikia kondakta wa daladala anaita Makumbusho na mtu anagombania chenji, mhadhiri anaomba mwenye Galaxy ajizime, na wenye Galaxy ni wanne. Slaidi arobaini zinasomwa. Mwisho anauliza kama kuna swali, hakuna, anashukuru na kutakia usiku mwema. Nusu saa baadaye grupu la WhatsApp linawaka. Maswali yote yaliyokosekana yanamiminika huko: hii fomula imetokea wapi, kwani alisema tutumie sampuli ya watu wangapi, nani amerekodi. CR, yaani kiongozi wa darasa, anatuma PDF. Kuna dada muuguzi yuko zamu ya usiku, anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu akieleza fomula kwa Kiswahili safi, na mlio wa mashine ya wodini unasikika nyuma yake. Kesho yake asubuhi mmoja anajipa moyo na kumwandikia mhadhiri moja kwa moja: "Shikamoo Dokta, samahani kwa usumbufu." Jibu linakuja siku ya nne: "Maelezo yote yapo kwenye mfumo."

Mara nyingi huyu mhadhiri hulaumiwa bure. Tuhesabu kidogo. Ana wanafunzi mia tatu katika kozi zake zote muhula huu, na kila mmoja atatuma kazi tatu. Kusoma kazi moja kwa makini na kuandika maoni yenye maana ni dakika ishirini, ukiwa mzoefu. Kazi mia tatu ni saa mia moja, wiki mbili na nusu za ajira nzima, na hapo ni duru moja tu kati ya tatu. Mzigo wake wa kazi chuoni kwa kawaida huhesabiwa kwa saa za vipindi. Saa za kujibu jukwaa la kozi, kurekodi video mara tatu kwa sababu umeme ulikatika, kumwelekeza mwanafunzi aliyesahau nywila, hizo huingia katika maisha yake binafsi. Akipanda cheo atapanda kwa machapisho. Kupanga ni kuchagua, na chuo kimeshamchagulia: andika makala, somesha vipindi, kazi za wanafunzi zipe alama bila maoni. Kuna suala jingine linalosemwa kwa sauti ya chini kwenye korido, nalo ni la umiliki. Mhadhiri wa muda akisharekodi mihadhara kumi na minne, ni nani anayemhakikishia kwamba mwaka ujao chuo hakitaichezesha tena bila yeye? Sijaona vyuo vingi vinavyolijibu swali hilo kwa maandishi. Wala tusisahau kwamba mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma vya Kenya waligoma kwa siku 49 wakidai, pamoja na mengine, shilingi bilioni 7.9 zilizobaki za makubaliano ya 2017 hadi 2021. Mtu anayedai malimbikizo ya namna hiyo, ukimwomba ajibu wanafunzi saa nne usiku, atakuuliza kwa niaba ya nani.

Sasa nirudi kwenye mtandao kama nilivyoahidi, kwa sababu hoja ya gharama ni ya kweli. Mwanafunzi wa Tanzania anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hupewa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, na kila GB anayonunua inatoka kwenye sahani yake. Aprili 2021 utaratibu mpya wa bei za bando ulizua kelele kubwa kiasi kwamba ukasitishwa ndani ya siku chache; kati ya waliopiga kelele, wanafunzi walikuwa mstari wa mbele. Halafu kuna kukatika kwenyewe. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ya nchi kadhaa za ukanda huu ikasuasua kwa siku kadhaa. Uganda ilizimiwa intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, Tanzania ikazimiwa kuanzia Oktoba 29, 2025. Mwanafunzi aliyekuwa na mtihani wa mtandaoni siku kama hizo hakuwa na pa kukimbilia.

Lakini angalia hoja hii inatupeleka wapi tukiifuata hadi mwisho. Saa moja ya mkutano wa video huweza kula hadi GB nzima au zaidi. Sauti peke yake hula sehemu ndogo sana ya hapo, na maandishi karibu hayali kitu. Kozi inayotegemea mhadhara wa moja kwa moja wa video ndiyo aghali kuliko zote kwa mwanafunzi na ndiyo inayoumia kuliko zote waya unapokatika. Kozi inayotegemea kijitabu kizuri cha kusoma, maswali, kazi fupi kila wiki mbili na maoni ya mkufunzi hupita hata kwenye mtandao wa kusuasua, na ikizimwa siku tano inaendelea siku ya sita. Kwa maneno mengine, ugumu wa mtandao wetu ni sababu ya kuwekeza zaidi kwa wakufunzi na kidogo kwa studio. Vyuo vingi vimefanya kinyume: studio yenye taa nzuri, kamera, pazia la kijani, Waziri akaja kukata utepe. Mkufunzi hakatiwi utepe.

Upande wa pili kuna hoja ya vimbweta, na hii naipa uzito kuliko ile ya minara. Chuo ni zaidi ya kozi. Ni mdahalo wa usiku, ni rafiki atakayekuja kukuunganisha na kazi miaka kumi baadaye, ni mtoto wa mkulima wa Kibondo kukaa chumba kimoja na mtoto wa mfanyabiashara wa Kariakoo. Maabara ya kemia hairushwi kwa simu, na muuguzi lazima aguse mgonjwa. Sina jibu la kuondoa hoja hii, wala silitafuti. Ninachoweza kusema ni kwamba wengi wanaojiunga na programu za mtandaoni hawakuwa wanachagua kati ya mtandao na kimbweta. Mwalimu wa Sumbawanga mwenye watoto watatu na mkopo wa benki anachagua kati ya mtandao na kutosoma. Kumwambia kwamba atakosa maisha ya chuo ni kumwambia jambo analolijua vizuri kuliko wewe.

Na mtandao una mazuri yake ambayo kumbi zetu hazikuwahi kutoa. Tunafundisha vyuoni kwa Kiingereza watu wanaofikiri kwa Kiswahili, na ukumbini anayeona aibu kwa lafudhi yake hanyanyui mkono kwa miaka mitatu. Mhadhara uliorekodiwa unaurudisha nyuma, unausimamisha, unatafuta neno, unaendelea. Swali unaliandika, unalisoma mara mbili, ndipo unalituma. Nimeona watu waliokuwa kimya darasani wakiandika kwenye jukwaa la kozi mambo yaliyomfanya mhadhiri abadili somo la wiki iliyofuata. Hilo lilitokea kwa sababu mhadhiri yule alisoma na alijibu, katika kikundi cha watu wasiozidi thelathini. Kwenye kozi ya mia tatu jukwaa lilelile huwa na matangazo ya CR na salamu za sikukuu.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na inayopendwa kuliko zote katika vyumba vya wahadhiri, ni kwamba wanafunzi wa siku hizi ni wavivu: wanazima kamera wakalale, wanakopi, wanataka alama za bure. Kuhusu kamera, Frank Castelli na Mark Sarvary wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwauliza wanafunzi wao wenyewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Sababu iliyotajwa na wengi, asilimia 41, ilikuwa wasiwasi juu ya wanavyoonekana. Wengine walitaja watu walio nyuma yao chumbani na mahali walipo. Hao ni wanafunzi wa Marekani. Mpe huyo mwanafunzi chumba cha kupanga Manzese anachokaa na wadogo zake wawili, nguo zimeanikwa kwenye kamba ndani, halafu mwambie awashe kamera ndipo uamini yupo. Wanaosinzia wapo, kama walivyokuwepo ukumbini Nkrumah pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila mhadhiri anayetaka kujua nani yupo ana njia rahisi kuliko kamera: aulize swali linalohitaji jibu la sentensi mbili, kisha ayasome majibu.

Kukopi kunahitaji maneno zaidi, maana tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 hofu imekuwa kubwa na haikosi msingi. Kazi inayotumwa mtandaoni inaweza kuandikwa na mashine kwa dakika moja, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha aliyeituma. Wapo wanaosema hapa ndipo digrii ya mtandaoni inapokufa. Mimi naona inayokufa ni kazi isiyosomwa. Mwanafunzi hukopi kwa urahisi pale anapojua kwamba hakuna atakayeigusa kazi yake zaidi ya kuweka 14 juu ya 20. Mkufunzi aliyesoma kazi yako ya kwanza na ya pili, akakuandikia kwamba mfano wako wa ushirika wa kahawa wa Mbinga ni mzuri lakini hitimisho limeruka hatua, huyo ya tatu ikija na sauti ngeni ataijua bila kuhitaji programu yoyote ya kukamata wezi. Anaweza kukupigia simu dakika tano akuulize umefikaje hapo. Mtihani wa kusimamiwa kwenye kituo cha mkoa nao bado upo, na sioni aibu yoyote kwa chuo cha mtandao kumwambia mwanafunzi aende Iringa mara mbili kwa mwaka kufanya mtihani na kitambulisho mkononi. Madesa yalikuwepo kabla ya intaneti.

Ukikubali kwamba kiini ni kujibiwa, mambo kadhaa yanabadilika katika namna tunavyozipima programu hizi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na wenzake wa Kenya na Uganda wanapoidhinisha programu ya mtandaoni, ukaguzi wa seva na mfumo hauna budi kuwepo, lakini orodha ya wakufunzi na idadi ya wanafunzi kwa kila mmoja ingetakiwa iwe ukurasa wa kwanza. Rekodi za siku ngapi kazi huchukua kurudi zimo tayari ndani ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Mfumo huhifadhi saa mwanafunzi alipotuma na saa alipopewa alama. Ni data ambayo chuo kinayo bila gharama ya ziada na karibu hakuna anayeichapisha. Mradi wa HEET wa Tanzania, wa kuboresha elimu ya juu, wenye dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia tangu 2021, umeacha majengo yanayoonekana kwa macho mikoani, na sikatai majengo. Ningependa kuona mradi unaofuata ukiwa na kifungu cha kuwalipa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kuongoza vikundi vya mtandaoni, kazi ambayo pia ingewafundisha kufundisha. Yule muuguzi wa ujumbe wa sauti tayari anaifanya, bila malipo na bila cheo.

Na hapa ndipo watetezi wa digrii ya bei nafuu wanapopaswa kukaa na kalamu. Unafuu wa kufundisha kwa mtandao upo kweli katika kuandaa kozi: ukishaiandaa, mwanafunzi wa elfu moja hakuongezei gharama yoyote ya video. Lakini mwanafunzi wa elfu moja naye anatuma kazi tatu. Programu yenye wanafunzi 1,000, kwa vikundi vya 25, inahitaji wakufunzi 40 wanaolipwa, kila muhula, na hesabu hiyo haipungui kadiri chuo kinavyokua. Ukiwaingiza hao kwenye bajeti, ada inapanda karibu na ile ya mwanafunzi wa kutwa, au serikali inachangia kama inavyomchangia yule wa bwenini. Ukiwaondoa, ada inabaki ndogo kama ilivyotangazwa, na mwombaji anayejaza fomu leo ana haki ya kuambiwa ni lipi kati ya hayo mawili analolipia.